Ngamia Wametoka Wapi Tabora?

Bango lenyewe lilikuwa zuri, na ndiyo maana lilinikera. Lilifungwa kwenye uzio si mbali na soko kuu la Tabora, urefu wa mita tatu hivi, likiwaalika watu kwenye siku ya kumbukumbu ya njia ya misafara. Herufi nene, zinasomeka hata ukiwa juu ya bodaboda. Picha za wageni rasmi zimekatwa kwa ustadi, hakuna sikio lililopotea. Nembo za wafadhili zimepangwa chini, zimenyooka. Kisha nyuma ya yote hayo, kutoka ukingo hadi ukingo, limetandazwa jangwa: mchanga wa dhahabu uliojikunja mawimbi mawimbi, jua linazama, na juu ya mgongo wa mchanga wanapita ngamia. Niliwahesabu. Walikuwa saba.

Aliyelitengeneza namfahamu. Ni kijana mwenye mkono mzuri, ana kibanda cha steshenari chenye kompyuta mbili na mashine ya kudurufu inayokohoa. Nikamfuata, nikamuuliza ngamia wale wametoka wapi. Akacheka kwa adabu, akanieleza kwamba aliandika neno la Kiingereza la msafara kwenye sehemu ya kutafutia picha, na hao ndio waliokuja wa kwanza. "Lakini mzee wangu," akasema, "si bakigraundi tu hiyo? Watu wanasoma maandishi."

Makala hii naiandika kwa ajili ya hilo neno "tu".

Neno hilo halikuanza naye. Nimelisikia kwa wachapaji wa kadi za harusi, kwa wanaotengeneza majalada ya nyimbo za injili, kwa maofisa habari wanaoagiza mabango, hata kwa walimu wanaofundisha vijana usanifu wa picha. Limekuwa kama sheria ya fani: cha mbele ndicho kazi, cha nyuma ni kujaza nafasi. Uso wa bibi harusi utashughulikiwa saa nzima, jasho liondolewe na hina ing'arishwe. Mandhari yake itapakuliwa kwa dakika moja, bure, kutoka ghala la picha ambalo hakuna anayejua nani alizitia humo. Waridi, vumbi la dhahabu, taa zilizofifia duara duara, na ule mchoro wa majani yanayojisokota ambao watu wa fani huuita damaski. Mteja haangalii nyuma, wanasema. Ukiwabana zaidi hutoa hoja mbili za akiba, na hizo ndizo zinazostahili jibu la mtu mzima. Ya kwanza ni kwamba Tabora ni mji wa njia kuu, na watu wa njia kuu siku zote huazima. Ya pili, kwamba hata ukitaka kutumia vya kwenu, huku bara nakshi hakuna. Nakshi ni mambo ya pwani.

Tuanze na ngamia, maana kesi yao ni nyepesi.

Njia ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha Uvinza na Ujiji, haikuwa njia ya wanyama wa mizigo. Mbung'o hawakuruhusu. Msafiri wa Kizungu Burton alipofika Kazeh, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857, punda wengi alioondoka nao pwani walikuwa wameshabaki njiani mizoga. Msafiri mwingine, Stanley, alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, hawakufika mbali. Wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani katika miaka hiyo hiyo ya 1870, ng'ombe wakaisha. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaona dawa ni tembo wa India: wanne wakashushwa Msasani, wakaelekezwa bara, na ni mmoja tu aliyefika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. (Kijana wangu angeweka tembo wa India kwenye bango lile, ningemnunulia soda.)

Kilichobeba pembe, vitambaa, shanga na baruti katika njia ile ni mwili wa mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua begani karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, akatembea nazo miezi. Mbele yake alikwenda kirangozi, mwongoza msafara, na joho lake jekundu na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar isiyo na mchoro wowote. Nyuma, katika misafara mingi ya kurudi pwani, walikuwapo waliofungwa shingo kwa shingo, ambao hawakuwa wapagazi wa mtu kwa hiari wala kwa ujira. Mabega hayo hayakupumzika mpaka reli ilipofika Tabora mwaka 1912.

Sasa rudi kwenye bango. Maandishi yanasema njia ya misafara. Mandhari inasema mizigo ilibebwa na ngamia. Mtoto wa darasa la nne ataamini kipi? Maandishi atayasoma siku moja. Jangwa ataliona kila asubuhi akienda shule, mpaka bango lichakae. Siku akisikia kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, kichwani mwake mzigo utakuwa tayari umeshapata mnyama wa kuubeba. Na aliyeyafuta mabega hayo hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa anajaza nafasi.

Anayeshikilia kwamba watu hawaangalii nyuma ajiulize yeye mwenyewe ameshaona nini. Kila aliyewahi kulipia nusu saa kwenye intaneti kafe ya mkoani miaka ya 2000 anakikumbuka kile kilima cha kijani chini ya anga la buluu lenye mawingu machache. Hakuna aliyekitazama, na hakuna aliyekisahau. Kilipigwa picha mwaka 1996 na Charles O'Rear, katika jimbo la California nchini Marekani, mahali palipokuwa shamba la mizabibu kabla wadudu hawajaishambulia na wenyewe wakaing'oa. Microsoft wakakifanya sura ya Windows XP mwaka 2001. Basi nyuma ya barua za kuomba kazi za vijana wetu, nyuma ya risala za harusi na mihtasari ya vikao vya kata, kilikaa kilima cha zabibu zilizokufa, na sisi tukakizoea kuliko vilima vyetu. Mandhari huingia bila kupiga hodi. Ukishayajua hayo huwezi tena kusema "tu".

Nadhani hata neno mandharinyuma limetuponza. Linakiweka kitu nyuma kabla hakijazungumza. Mama zetu walikuwa na neno lao, na walilipata kwenye nguo. Kanga ina pindo linalozunguka pande nne. Ina jina, yale maandishi ya kusuta au kubembeleza. Na uwanja wote wa katikati, panapokaa maua, nukta, nanasi au chochote kile, unaitwa mji. Mtu aliyeuita uwanja ule mji hakuwa anafikiria nafasi ya kujaza. Mji hukaliwa. Nenda duka la kanga ukamtazame mwanamke anayechagua: jina atalisoma, atacheka, atamsomea mwenzake, kisha ataitandaza nguo yote mikononi autazame mji, na mji usipompendeza kanga inarudi rafuni, hata kama jina lingemmaliza jirani yake kabisa.

Na kanga hiyo hiyo inafundisha namna ya kuazima. Lile umbo la tone lililopinda ncha, lililotapakaa kwenye vitambaa vya dunia nzima, lilitoka Uajemi na Kashmir. Wazungu wakalipa jina la Paisley, mji wa Scotland uliokuwa ukifuma shali za kuigiza zile za Kashmir. Lilipofika kwenye kanga, watu wa pwani walilitazama wakaona kitu wanachokijua. Wakaliita korosho. Tangu siku hiyo limekuwa letu, na hakuna anayelitilia shaka. Linganisha na damaski ya kadi zetu za harusi. Jina lake ni la Dameski, kule Shamu, walikofuma vitambaa vya namna hiyo. Anayeibandika leo hajui jina hilo lilikotoka, hakulipa jina jingine, wala hawezi kukueleza kwa nini yale majani yaliyojisokota yamzunguke binti wa Nzega siku yake ya kuolewa. Korosho iliazimwa ikapewa kwao. Damaski ya kadi zetu bado ni mgeni aliyesimama mlangoni, hajakaribishwa wala hajafukuzwa.

Hapo ndipo inapoangukia hoja ya kwanza ya akiba, kwamba sisi ni watu wa njia kuu na kuazima ni jadi yetu. Wanaoisema huisema kwa fahari, mkono kifuani, kana kwamba wahenga wa Unyanyembe walikuwa wakipokea chochote kilichoshushwa begani mwa mpagazi. Hawakuwa hivyo. Walikuwa wateja wagumu kuliko wote ambao wafanyabiashara wa dunia walipata kukutana nao.

Chukua shanga. Burton alihesabu takribani aina 400 zilizokuwa zikienda bara, nyingine zikiwa na majina matatu au manne kila moja. Shanga nyekundu, samsamu, zilipendwa mno hata zikaitwa kifungamji, kwa jinsi watu wa mjini walivyojifilisi kwa ajili yake. Lakini hizo hizo hazikufua dafu kila mahali. Stanley alijifunza kabla hajaondoka pwani kwamba nyekundu ndizo zinazopita Unyamwezi, nyeusi zinapita Ugogo na kwingine zinakataliwa, zile kubwa za mviringo kama yai zinatakiwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, nyeupe zinapokelewa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Ukibeba rangi isiyotakiwa, umebeba kokoto kilomita 1,000. Msafara mzima uliweza kulala njaa kando ya kijiji chenye chakula tele kwa sababu kiongozi wake aliona shanga ni shanga tu. Neno lile lile, "tu", na lilikuwa na bei yake.

Chukua na nguo. Merikani, kile kitambaa cha kawaida kisicho na ua wala mstari, ilitoka viwanda vya Massachusetts. Haikuwa na pambo lolote, na bado ndiyo iliyotafutwa. Viwanda vya Uingereza viliiga, na kwa muda mrefu wanunuzi wa huku waliendelea kuitaka ile ya Marekani, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao, vya 1861 hadi 1865, vilipoikata. Kando yake ilikuwapo kaniki ya nili, na debwani, na barsati, na kikoi, kila moja na mvaaji wake na siku yake. Watu waliojua kutofautisha weupe na weupe, leo wajukuu zao wanaambiwa kwamba kupokea kila kitu ndio urithi wao! Anayetaka kuwa mrithi wa njia ya misafara na aanze kwa kukataa.

Hoja ya pili, ya kwamba bara hakuna nakshi, nimeisikia zaidi kwa watani zangu Wazaramo, na utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ulizaliwa kwenye njia hiyo hiyo, kwa hiyo huwa nawasamehe. Msomi wa Tabora akiirudia kwa uso mkavu simsamehi.

Mwaka 1953 ilichapishwa London kazi ya Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, kuhusu michoro ya ukutani ya mafundi wa nyoka. Ni watu wa chama cha Buyeye, kilichoenea Usukumani na Unyamwezini. Ndani ya nyumba zao walichora nyoka, watu na alama za mafunzo kwa rangi chache: nyeupe, nyeusi, na nyekundu iliyoelekea udongo. Ninachotaka dizaina wetu akione ni kile kilichokuwa chini ya michoro. Ukuta haukupakwa chokaa kwanza ili uwe safi. Udongo wenyewe ulikuwa mandhari, rangi ya nne isiyonunuliwa, na nyeupe iliwaka juu yake kwa sababu udongo ulikubali kuwa mweusi kidogo. Ukitaka somo la namna mandhari inavyobeba kilicho mbele yake, hulipati bora kuliko hilo katika chuo chochote.

Na si kuta tu. Kiti cha enzi cha Kinyamwezi kutoka Buruku, kilichochongwa na mtu aliyekaa mgongoni mwake, kiko Berlin tangu enzi za Wajerumani. Mlango uliochongwa kwa mtindo wa Zanzibar upo Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 kabla ya kuelekea safari yake ya mwisho. Tembe lenyewe, paa lake bapa na kuta zake nene za udongo, ni somo la mistari iliyolala. Kisha toka nje ya nyumba, nenda Sikonge au Kaliua kabla ya mvua. Miombo huchipua majani mapya yakiwa mekundu, ya shaba, ya rangi ya divai, wiki kadhaa kabla hayajawa ya kijani. Msitu mzima hugeuka kama unaungua bila moshi. Hayo yanatokea kila mwaka mlangoni kwetu, na bado nimeshika mkononi chupa ya asali ya Sikonge yenye lebo ya shamba la alizeti na mzinga wa mbao wa bustani za Ulaya. Asali ile ilitoka kwenye mzinga wa gome ulioning'inizwa juu ya mti. Gome hilo, likipigwa picha kwa karibu, lina mistari ambayo hakuna mchoraji angeweza kuibuni.

Haya, nafika kwenye hoja ambayo haisemwi kwa sauti ingawa ndiyo inayotawala: muda na pesa. Mteja analipa elfu kumi, anataka kazi saa hiyo hiyo, amesimama nyuma yako anapumua shingoni. Hii ni kweli na sitaikebehi. Hakuna anayeweza kwenda Kwihara kwa kila flaya ya mnada wa simu. Lakini tazama hesabu ilivyofanywa: imehesabiwa kana kwamba kila kazi inadai mandhari mpya. Mwenye duka la nguo hafumi kanga mteja anapoingia.

Jumamosi moja nilimchukua kijana wangu wa ngamia tukaenda Kwihara. Tulilipa kiingilio, tukaomba ruhusa, tukafika ukutani kama saa mbili asubuhi. Saa ina maana hapo. Jua likiwa bado ubavuni, kila ufa na kila chembe ya mchanga inatupa kivuli chake, ukuta unakuwa kama ngozi ya mzee. Saa sita ukuta huo huo ni kadibodi. Tukachagua mahali penye ukubwa wa sinia, pasipo na msumari wala kiraka cheupe, akapiga picha kumi na mbili kwa simu yake ya kawaida, mikono imeegemea magoti ili isitikisike. Kisha mlango: si mlango mzima, ambao kila mtalii anao, bali kipande cha fremu chenye upana wa kiganja.

Kazi iliyobaki ilifanyika kibandani. Alikata picha ya ukuta ikawa mraba. Akausukuma mraba nusu ya upana wake kwenda kulia na nusu ya urefu wake kwenda chini, ili kingo za nje zikutane katikati. Pale zilipokutana ukaonekana msalaba, maana kingo hazijuani. Huo msalaba ndio kazi. Kwa brashi ya kunakili akawa anachota udongo wa kando na kuupaka juu ya mshono, kidogo kidogo, bila kurudia ufa mmoja mara mbili, kwa kuwa jicho hukamata pacha upesi. Nusu saa ilipopita msalaba haukuwapo. Mraba ule sasa unaweza kupangwa kama vigae, kumi au elfu moja, kwenye kadi au kwenye bango la mita sita, na hakuna atakayeona kiungo. Akapunguza ukali wa vivuli mpaka maandishi meupe yakasimama juu yake bila kugombana. Wanaoweka viwango vya kurasa za mtandaoni hudai tofauti ya mwanga isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya herufi za kawaida na kilicho nyuma yake, nacho ni kipimo kizuri hata kwa karatasi. Nyekundu aliichota kwenye picha ya jani changa la mti wa mtundu. Akataka kuongeza nyoka wa Buyeye. Nikamkatalia, wale walichorwa kwa waliofundwa, na sisi hatukufundwa. Tulichukua mpangilio wa rangi, nyoka tukawaacha kwao.

Yote hayo, pamoja na safari, yalimalizika kabla ya adhuhuri. Mraba huo ameshautumia kwenye kazi nne, na katika mbili kati ya hizo mteja hakujua kwa nini ameipenda.

Kuna jambo jingine ambalo wachapaji wanalijua na hawalisemi. Buluu kali na dhahabu ya kumeta vinavyong'aa kwenye skrini ni mwanga. Wino hauna mwanga. Ukivituma kwenye mashine ya kuchapa mabango, buluu inatoka kama zambarau iliyochoka, na dhahabu inatoka kama haradali. Mteja analalamika, fundi analaumu mashine. Rangi za udongo, gome na jani kavu wino unazimudu vizuri zaidi, kwa hiyo kilichoonekana kwenye skrini kinatoka kikikaribia kuwa kile kile. Na kwenye WhatsApp, ambako kadi nyingi za leo huzaliwa na kufia, picha hubanwa mpaka ile mandhari laini inayofifia kutoka waridi kwenda nyeupe inakatika vipande na kuwa ngazi. Uso wenye chembechembe huficha ngazi hizo. Hata kwa mtu asiyejali historia hata kidogo, anayetaka tu kazi yake isirudishwe, ukuta wa tembe unashinda vumbi la dhahabu.

Wapo watakaoniambia kwamba mjadala umepitwa, akili mnemba inatengeneza mandhari kwa sekunde. Iombe mandhari ya Kiafrika basi. Mara nyingi itakupa jua la chungwa, mgunga mmoja, na twiga aliyesimama pembeni kama amelipwa. Imelishwa mabango ya mamilioni ya watu waliosema "tu".

Nisieleweke vibaya, maana upande wangu nao una wapotoshaji. Wapo wanaodhani dawa ya damaski ni kubandika zigzagi za rangi saba kwenye kila kitu na kuziita asili. Zigzagi hiyo nayo imepakuliwa, ina mwenyewe mahali fulani, na haijui Tabora kuliko ngamia walivyoijua. Tena mara nyingine mandhari bora ni ile iliyonyamaza. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama wake kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na nyingi ya kazi zake zina uwanja wa rangi moja basi. Uwanja ule mtupu ni uamuzi. Mnyama anatuna ndani yake, anatujia. Tangazo la msiba linataka weupe na utulivu, na bado mwaka jana nilitumiwa tangazo la kifo cha mtu niliyemheshimu likiwa na petali za waridi zinazoanguka, kwa sababu aliyelitengeneza alifungua faili la harusi iliyotangulia akabadilisha majina. Familia haikugundua. Mimi niligundua, na hadi leo nikimkumbuka marehemu petali zinaanguka.

Wenye kuagiza kazi nao wana sehemu yao. Ofisi inayoandaa kumbukumbu ya njia ya misafara huandika kwenye barua ya zabuni ukubwa wa bango, idadi ya nembo na siku ya kukabidhi. Haijawahi kunipata barua iliyosema mandhari ionyeshe nini. Njia yenyewe imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inataka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia, na Kwihara imetajwa humo kwa jina. Tunaiomba dunia iutambue urithi huo, huku sisi wenyewe tukiutangaza kwa mchanga wa Sahara. Ongezeni mstari mmoja kwenye barua hiyo. Haugharimu kitu.

Bango la ngamia halijaondolewa bado. Sherehe ilipita, mvua zikapita, jua likafanya kazi yake. Nilipopita juzi jangwa lilikuwa limepauka likawa jeupe kama merikani, na upande wa kulia uzio umelikwangua. Niliwahesabu tena. Wamebaki watano.